Wakazi wa Tumbo la Nyuki

Siku niliyomshtaki jirani yangu kwamba anawaua nyuki wangu kwa sumu, sikuwa na chembe ya shaka. Nilisema mbele ya watu, nikiwa nimesimama, na nilimtazama usoni wakati nasema. Nikikumbuka jinsi mambo yalivyokuja kuisha, hadi leo huwa nashusha pumzi.

Nilirudi Burundi nikiwa mtu mzima. Nilikulia kambini, Tanzania, nikasoma huko, nikaolewa huko, na huko nikamzika mume wangu. Amani ilipotulia tulivuka mpaka sisi wawili, mimi na baba, tukafika Butihinda, mkoani Muyinga. Yeye alikuwa anarudi kwao. Mimi nilikuwa nahamia mahali nilipopajua kwa masimulizi yake tu. Kirundi changu kilikuwa kimejaa Kiswahili, na watu wa kilima, maana kwetu kijiji huitwa kilima, walikuwa wakinitambua kabla sijamaliza salamu.

Katika ujana wake baba alifuga nyuki kwenye mizinga ya magogo iliyofungwa juu ya miti. Sasa macho yake yalikuwa yameingia ukungu na miguu haikuweza tena kupanda. Lakini mradi mmoja wa kuwasaidia waliorejea ulitupa mizinga mitano ya masanduku, ile inayowekwa juu ya vigingi usawa wa kiuno, na humo ndani nyuki hujenga masega yao kwenye fremu za mbao unazoweza kuzichomoa moja moja. Kwetu pale kilimani, nyuki ilikuwa kazi ya wanaume. Mimi nilivaa koti la marehemu mume wangu, nikafunga kitambaa usoni, nikaanza. Baba alikaa kwenye kigoda hatua chache kutoka kwangu, akanifundisha kwa masikio. Akisikia mvumo umepanda, ananiambia nifunge. Ukishuka, ananiambia niendelee.

Mwaka wa kwanza tulivuna vizuri. Mwaka wa pili mvua ilishika siku nyingi mfululizo, nyuki wakashindwa kutoka, nikaona madoa ya kuhara kwenye mlango wa mzinga mmoja. Niliingiwa na hofu. Ile mizinga ndiyo ilikuwa imenipa heshima yangu pale. Sikuwa tena mjane aliyetoka kambini, nilikuwa mama wa asali. Basi siku ya soko nikaenda Gashoho, nikamweleza muuza dawa za mifugo mmoja. Akanipa unga wa manjano, ule ambao watu huwapa kuku wakianza kusinzia. Alisema unatibu kila kiumbe chenye tumbo.

Baba hakuupenda. Aliniambia nyuki hawanyweshwi dawa, mvua itakatika na wao watatoka nje kujisafisha. Nilimjibu kwa adabu kwamba zamani ilikuwa zamani. Nikakoroga ule unga kwenye maji ya sukari, nikawawekea. Baada ya siku chache mvua ikakatika, madoa yakaisha, na mimi nikaipa dawa sifa yote. Nikaona kama inatibu, basi itakinga pia. Nikawa nawapa kila juma, mizinga yote mitano, kwa miezi.

Sikumbuki ni siku gani hasa nilianza kuona kwamba wanapungua. Haikuwa jambo la ghafla. Mzinga ambao zamani ukifunua kifuniko unakumwagikia nyuki mikononi, sasa nafunua naona mbao. Wengine walikuwa wakitambaa kwenye majani mbele ya mlango, mabawa yakitetemeka, hawawezi kuruka. Nikawaongezea dawa.

Sasa, shamba linalopakana na letu lilikuwa la mzee mmoja ambaye hakukimbia wakati wa vita. Alibaki miaka yote ile, akazika watu wake palepale. Tuliporudi, mipaka ilipimwa na wazee, akakubali bila maneno mengi kuturudishia kipande alichokuwa akilima. Hatukuwa marafiki. Tulikuwa tunasalimiana, tunaulizana mvua. Alikuwa analima nyanya, na majuma yaleyale ambayo nyuki wangu walikuwa wanatambaa, nilimwona akipita katikati ya mistari na bomba la dawa mgongoni, akinyunyizia wadudu.

Yeye naye alikuwa na nyuki. Mizinga mitatu ya magogo, juu ya miti mwisho wa shamba lake. Nilikwenda kuichungulia kwa mbali, nikaona nyuki wake wanaingia na kutoka kama kawaida. Kwangu hilo likawa ushahidi wa mwisho. Nilijiambia: anajua saa ya kunyunyizia, anawalinda wake, anawaua wangu.

Katika nchi yetu neno sumu si neno la kutupa ovyo. Mtu akishapewa jina hilo, watu hawanywi tena kwake, hawamwachii mtoto, hawanunui chakula kilichotoka mkononi mwake. Nililijua hilo. Nikaenda kwa wazee wa kilima, wale tunaowaita abashingantahe, nikalisema. Mzee jirani yangu alisikiliza hadi mwisho. Alisema maneno machache tu, kwamba hajawahi kumpa kiumbe wa mtu sumu na hataanza uzeeni. Wazee wakaniuliza kama nina ushahidi. Nikawaambia nitauleta. Wakanipa muda.

Lakini kilima hakikusubiri ushahidi. Juma lile lile wachuuzi wa nyanya walimpita wakaenda kwa wengine. Nilimwona akirudi kutoka barabarani na vikapu vyake vimejaa kama alivyoondoka navyo, na nikaona kwamba ni haki. Siku moja mchana nilimkuta baba amekunja blanketi lake na kuliingiza kwenye begi tulilokuja nalo kutoka kambini, pamoja na sahani yake. Nilimuuliza anafanya nini. Akasema tulipokimbia mara ya kwanza, mambo yalianza hivi hivi, jirani na jirani, halafu wengine wakaingia. Nikalitoa lile blanketi nikalirudisha kitandani. Lakini sikubadili nia.

Mtu wa kilimo wa tarafa ndiye aliyeniambia kwamba Gitega yuko mama mmoja anayefundisha mambo ya mifugo, na kwamba anawajua nyuki kuliko mtu yeyote anayemfahamu yeye. Nikaokota nyuki waliokufa nikawatia kwenye chupa ndogo. Nikachukua na wanaotambaa, nikawatia kwenye kiboksi chenye matundu na kipande cha sega. Kwa nia ya kuwalinganisha na wa adui, nikaenda mbali na mashamba, karibu na maji ambako nyuki wa mzee hupenda kunywa, nikanasa wachache wake pia. Nikapanda gari Muyinga mjini na vyombo vyangu mapajani.

Yule mama alikuwa mtoto wa mjini, wa familia ya Kiislamu ya mafundi cherehani. Alikuwa amevaa ushungi wa kijani na koti jeupe lenye mfuko uliopasuka. Alifurahi kusikia Kiswahili, ingawa changu kilimchekesha kidogo, alisema naongea kama redio. Nilimweleza kila kitu: jirani, nyanya, bomba, mizinga yake iliyo salama. Yeye alikuwa anaandika. Nilipomaliza akaniuliza swali ambalo mimi sikuwa nimejiuliza hata mara moja.

"Na nyuki ya huyo mzee inaenda kwa maua ya wapi?"

Nikamwambia hapo hapo kilimani. Maharage, kahawa, migomba, hizo nyanya.

"Donc, basi, inapita kwa nyanya zile zile."

Akaniambia sumu ya kunyunyizia huua kwa kishindo. Unaamka unakuta rundo mbele ya mzinga, ndimi ziko nje. Mimi nilikuwa nimemweleza nyuki wanaofifia kwa miezi. Halafu akataka kujua nimekuwa nikiwalisha nini. Nilimwambia kwa fahari kidogo kwamba nimekuwa nikiwatibu. Nikatoa na pakiti ya unga wa manjano kwenye mkoba, maana nilikuwa nimeibeba.

Aliiangalia, akaiweka mezani taratibu. Hakunigombeza. Alichukua nyuki mmoja wa mzee, akamwua kwa baridi kwenye sanduku la barafu, kisha kwa koleo nyembamba kama kibano cha nyusi akashika ncha ya mkia, akavuta. Utumbo wote ukatoka kama uzi. Sehemu ya nyuma ilikuwa imenona, ina rangi ya manjano ya chavua, ule unga wa maua. Akafanya hivyo kwa nyuki wangu. Utumbo wake ulikuwa mwembamba, umefifia, kama mfuko mtupu. Akasaga kidogo cha kila mmoja kwenye tone la maji, akaweka chini ya hadubini, akanisogezea kiti.

Nilipoinamia lile tone la nyuki wa mzee, niliona mwanga, halafu ndani ya mwanga nikaona vitu vidogo vidogo vingi mno, kama vijiti na punje, vinatikisika. Niliruka nyuma. Nikasema wanaumwa, nyuki wake wamejaa vijidudu.

"Hapana, hao ndio wazima," akasema. "Ile unaona, ni wakazi wa tumbo yake. Inamusaidia. Sasa angalia yako."

Nikaangalia yangu. Mwanga ulikuwa ule ule, lakini vijiti vilikuwa vichache, hapa kimoja, pale kimoja, kama soko baada ya watu kuondoka.

Alinieleza kwa uvumilivu, na alipoona sijaelewa alirudia. Nyuki anapotoboa kifuniko cha chumba chake akazaliwa, tumbo lake halina mkazi. Siku zake za kwanza anatembea juu ya masega, anaguswa na dada zake wakubwa, analishwa nao, analamba walikopita, na ndivyo anavyowapata wale wakazi, ambao ni bakteria. Ni aina chache tu, na nyuki wamekaa nazo vizazi na vizazi. Wanamsaidia kuvunja chavua, ambayo ina ganda gumu. Wanashikilia nafasi tumboni ili vijidudu vibaya vikija vikose pa kukaa. Hata wale nyuki wadogo wasiouma, wanaojenga kwenye nyufa za kuta, wana wakazi wao. Unga wa manjano hauwezi kuchagua. Unaua mbaya na mzuri pamoja. Na mimi nilikuwa nimewanywesha kila juma, hata wakubwa wakawa hawana cha kuwarithisha wadogo.

Niliuliza kama ana hakika. Alisema hakika kamili hana, kuna mambo ambayo kwa hadubini ile hawezi kuyaona. Lakini kama angekuwa mimi, angetupa ile dawa leo. Asali iliyo ndani ya mizinga ile isiliwe wala isiuzwe. Na kama kuna kundi la nyuki wenye afya karibu, niombe sega lenye majana yaliyozibwa, wale watoto wanaokaribia kuzaliwa, pamoja na nyuki vijana walioshikamana nalo, nilipandikize kwenye kila mzinga wangu. Wale wangekuja na wakazi wao.

"Iko nani karibu yako mwenye nyuki nzima?" akauliza.

Alikuwa anajua jibu. Alitabasamu kidogo, akaenda kunawa mikono.

Sikurudi Muyinga moja kwa moja. Shangazi yangu anakaa Bugendana, nikaenda kwake, na kesho yake asubuhi nikamsaidia kupalilia maharage. Ni rahisi kusema jambo ukiwa umeinama na jembe. Nikamwambia nimemzulia mtu mzima jina la sumu, na aliyewatesa nyuki wangu ni mimi mwenyewe. Shangazi aliendelea kulima mpaka mwisho wa mstari. Kisha akasema kwamba jambo lililosemwa mbele ya watu hurudishwa mbele ya watu, na nisiende kwa mzee peke yangu kwa siri kumwomba msamaha mdogo kwa kosa kubwa. Akaniuliza kama nimekula. Nilikula viazi vyake vya jana, na ndicho chakula cha kwanza nilichokisikia ladha yake kwa siku nyingi.

Ningependa kusema kwamba nilikuwa na ujasiri. Kwa kweli nilitamani wazee wawe wamesahau. Hawakuwa wamesahau. Walikaa, mzee jirani yangu akaja na fimbo yake, na watu waliokuja walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza. Wazee wakaniambia nilete ushahidi. Nikasema ushahidi nimeupata, nao unanishtaki mimi. Niliwaeleza kuhusu unga, kuhusu utumbo kama uzi, kuhusu wakazi. Mmoja alicheka kwamba nyuki ana wapangaji. Nikasema mbele yao wote kwamba mzee huyu hakuwaua nyuki wangu, nimemkosea, na yeyote aliyeacha kununua kwake kwa sababu ya maneno yangu, maneno hayo yalikuwa ya uongo.

Kisha mzee akazungumza, akiniangalia mimi.

"Mwanangu, mimi nimebaki hapa wakati watu wanaitana majina, na nimeona majina yanafanya nini. Ulinitisha."

Sikuwa nimetegemea neno hilo. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira. Nilipiga magoti.

Wazee waliamua nilete pombe ya ndizi, tuinywe pamoja pale pale, yeye akinywa kwanza kutoka mkononi mwangu na mimi kutoka mkononi mwake. Tulifanya hivyo siku iliyofuata. Nilipopokea kibuyu kutoka kwake watu wote walikuwa wanatazama kama nitasita. Nilikunywa hadi nikakohoa. Baba, ambaye alikuwa ameongozwa mpaka pale kwa mkono, aliuliza kama tayari nimekunywa. Walipomwambia ndiyo, akafunika uso kwa viganja vyake viwili, na mabega yake yakashuka.

Kuhusu sega, sikuthubutu kuomba siku hiyo. Ni mzee mwenyewe aliyekuja kwetu baada ya siku tatu. Alisema amesikia kutoka kwa baba kwamba nyuki wangu wanahitaji nyuki wake, na anataka kujua kama ni kweli au ni maneno ya mjini. Nikamweleza tena. Alisikiliza, akakuna kidevu, akasema kwamba babu yake alipokuwa anaanzisha mzinga mpya, alikuwa anausugua ndani kwa sega kuukuu kutoka mzinga wa zamani, na alipoulizwa kwa nini alijibu kwamba nyuki hawapendi nyumba isiyo na harufu ya mtu. Baba, kutoka kwenye kigoda chake, akasema hata kwao walifanya hivyo.

Tuliifanya kazi asubuhi yenye jua. Mzee alishusha gogo moja kwa kamba, akalifungua nyuma, akakata masega yenye majana kwa kisu, taratibu, bila kuvaa kitu usoni. Nyuki vijana walikuwa wameyashika hawayaachi. Mimi niliyapokea kwenye sinia, nikayafunga kwenye fremu kwa nyuzi za mgomba, nikayanyunyizia maji ya sukari matupu ili wasigombane na wenyeji, nikayaingiza kwenye mizinga yangu. Masega ya asali yenye dawa nilikuwa nimeyatoa na kuyazika kwenye shimo refu. Ilinichoma roho kufukia asali, na nilifukia.

Mizinga miwili haikupona. Ilikuwa imechelewa mno, na ndani ya mwezi ilibaki mitupu. Mitatu ilinitesa kwa kusubiri. Kila asubuhi nilichuchumaa mbele yake nikihesabu wanaotambaa. Walikuwa kumi, wakawa wengi tena, wakawa watano. Halafu ikapita siku sikuona hata mmoja majanini. Nikadhani sijaangalia vizuri. Nikarudi mchana, nikakuta wanaingia mmoja baada ya mwingine, miguu ya nyuma imebeba vifurushi vya chavua vya rangi ya chungwa, wanasukumana mlangoni. Nilimwita baba. Alikuja akipapasa ukuta, akainamisha sikio kwenye ubavu wa sanduku, akasikiliza.

"Wamerudi," akasema.

Nilikaa chini kwenye majani, nikalia kidogo, kilio kizuri.

Yule mama wa Gitega nilimpelekea salamu na chupa ya asali ya msimu uliofuata, iliyo safi. Alinijibu kwamba ameangalia nyuki niliowaambatanisha, na kwamba matumbo yao sasa yamejaa wakazi. Muuza dawa wa Gashoho nilimfuata sokoni nikamweleza bila kumfokea. Aliniambia yeye anauza tu. Lakini nasikia mtu akimtajia nyuki siku hizi, anamwelekeza kwangu.

Wachuuzi walirudi kwa mzee polepole, si wote. Kuna nyumba mbili ambazo hadi leo hazinunui kwake, na nikizipita najua ni kazi ya mdomo wangu. Yeye sasa ananyunyizia dawa jioni, nyuki wakiwa wameshaingia, baada ya mimi kumwomba, na mara nyingine ananitumia ujumbe kwanza.

Mwanzoni mwa mvua za mwaka jana mzinga wangu mmoja ulijaa mpaka ukagawanyika. Kundi likatoka, likaenda kutua kwenye mparachichi wa mzee, likaning'inia kama mfuko wa kahawia. Kwa desturi, kundi likitua kwako ni lako. Alituma mtu aniite. Nilipofika alikuwa amesimama chini ya ule mti, ameinua kichwa.

"Nataka kujaribu sanduku kama lako," akasema. "Miguu yangu nayo imechoka kupanda."

Nikarudi nyumbani kuchukua mmoja wa ile mizinga miwili iliyobaki mitupu. Nilikuwa nimeukwangua na kuuchoma kwa moto ndani. Kabla ya kuubeba, nilikata kipande cha sega kutoka mzinga mzima nikakifunga katikati. Tukauweka chini ya tawi, yeye akatikisa mara moja, nyuki wakaanguka ndani kama maharage yanayomwagwa. Tulikaa kwenye kivuli upande wa pili tukingoja waliobaki waingie. Alinipa nyanya moja, akaifuta kwanza kwenye shati lake, nikaila kama tunda.